Mkono wa Mjukuu

Anayemtunza mzee tumezoea kumsifu kwa huruma yake, basi tukaona tumemaliza. Huruma anayo hata yule anayemburuta bibi yake juu ya shuka mpaka ngozi ya mgongo ikachubuka. Ufundi ndio hana. Ufundi wenyewe nimeuona Nyakahura, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, katika nyumba iliyo karibu na barabara ya malori yaendayo Rusumo. Bibi alipata kiharusi, upande wa kushoto haumtii. Anayemtunza ni mjukuu wake wa kike.

Kuvalishwa tu kuna utaratibu wake. Gauni huanza kuingia kwenye mkono mgonjwa, mkono mzima ukafuata. Wakati wa kuvua ni kinyume chake. Mjukuu hauvuti ule mkono hata siku moja, maana bega lililopooza huteguka kwa jambo dogo. Hupitisha mkono wake mwenyewe ndani ya mkono wa gauni, akaupokea wa bibi kama anayesalimiana naye, kisha akasogeza kitambaa.

Usiku humgeuza kila baada ya saa mbili hivi. Anakunja goti la bibi, anaweka kiganja kimoja begani na kingine kwenye nyonga, anasema, “Bibi, tunageuka,” ndipo anamlaza ubavu. Mto mmoja unakaa katikati ya magoti, mwingine chini ya miundi ili visigino visiguse godoro. Bibi akiteleza kuelekea miguuni pa kitanda, anaitwa jirani: wanashika ncha za kitenge kilichotandikwa chini ya mgongo, wanahesabu, wanainua pamoja. Hakuna kuburuta.

Asubuhi anakagua kitokono, nyonga, visigino na viwiko, akitafuta dalili za vidonda vya kulala. Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vinamwambia mtu atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Yeye hupapasa kwa mgongo wa kiganja. Panapowaka joto kuliko pembeni, au palipokuwa pagumu, au palipoiva weusi wa kung'aa, hapalaliwi tena mpaka patulie. Wala hapasugui, ingawa majirani humshauri apakande.

Kuogesha huanzia machoni, kwa maji matupu na kitambaa safi, kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Kanda ya Ziwa wako wanawake wazee waliouawa kwa sababu ya macho ya namna hiyo, wakiitwa wachawi, kwa hiyo sithubutu kuiita kazi hii ndogo. Mwili uliobaki umefunikwa khanga. Kinafunuliwa kiungo kinachooshwa tu, kikikauka kinafunikwa. Mkwe angeona haya kufika hapa, na bibi angeona haya zaidi. Mjukuu ana ruhusa ya utani. “Mke mwenzangu,” bibi anamwambia, “leo unaniogesha au unanipika?” Maji yanaongezwa ya baridi.

Kagera kazi hii imewaangukia wajukuu kwa sababu nyingine pia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na miaka iliyofuata wazazi wengi wakafa, watoto wakabaki kwa bibi zao. Kule Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee wa aina hiyo pensheni ndogo ya kila mwezi. Mwaka huohuo ilitoka Sera ya Taifa ya Wazee, inayomhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, na inayoyafanya makazi ya wazee kuwa kimbilio la mwisho, baada ya familia na jamii kushindwa. Mimi naikubali sera hiyo. Lakini familia inakabidhiwa kazi ya muuguzi bila hata wiki moja ya kufundishwa, na anayeijua vizuri kama huyu hana cheti wala mshahara.

Chakula nacho kina mwendo wake. Bibi anakalishwa wima, kidevu kimeinama kidogo, uji umekolezwa kwa sababu mwepesi humpalia. Kijiko kidogo kinaingia upande wa kulia wa mdomo, mjukuu anasubiri ameze, halafu anachungulia shavu la kushoto asije akaacha tonge lililojificha.

Mkono wa kulia, ule mzima, mjukuu hausaidii kabisa. Bibi anajichania nywele mwenyewe, anashika kikombe mwenyewe, na kabla ya mchana anawekewa ungo mapajani achambue maharage kwa mkono huo mmoja. Mjukuu angeyamaliza kwa dakika chache, naye anajua. Siku ambazo bibi anachelewa, nyumba nzima inakula saa tisa.