Rozela ya Baridi

Rozela nzuri hujulikana mkononi kabla haijafika mdomoni. Chota kiganja kimoja kwenye gunia la sokoni, kisha ukibonyeze. Iliyokaushwa vizuri hujikunja bila kusagika, ina wekundu mzito unaokaribia zambarau, na harufu yake iko kati ya zabibu kavu na ukwaju. Iliyopauka ama imepigwa na jua mno, ama imekaa ghalani muda mrefu. Hiyo hata uiloweke usiku kucha, utapata maji mekundu tu.

Kinachonywewa si petali. Ua lenyewe, la rangi ya maziwa lenye kitovu chekundu, huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Likishaanguka, sepali zilizolishika kwa chini hunenepa, hujaa maji na kuiva wekundu, zikiwa zimelizunguka tumba la mbegu. Wavunaji hulisukuma tumba hilo litoke, moja baada ya jingine, kisha huanika kinachobaki. Kilo 10 mbichi zikikauka hubakia takriban kilo 1. Nikikumbuka kazi hiyo ya vidole, sithubutu kumwombea muuzaji punguzo.

Aliyenionyesha namna ya kuipika ni mama mmoja wa Dodoma anayeuza juisi, na mpaka leo sijaona mkono mtulivu kuliko wake. Huisuuza rozela mara moja tu, haraka, mchanga utoke na rangi ibaki. Maji huyachemsha peke yake. Yakishatokota huepua, ndipo anatia rozela, kama gramu 30 kwa lita moja, na kufunika. Dakika 10 zikipita, anachuja. Nilimuuliza kwa nini asiiache ichemke ili ikolee zaidi.

“Ukiichemsha, mwanangu, utakunywa miti,” alisema.

Ni kweli. Uchachu na rangi hutoka mapema, hata kwenye maji baridi. Kinachochelewa kutoka, na kinachohitaji moto mkali, ni ule ukakasi unaokausha ulimi na kushika ufizi. Ufundi wote uko katika kujua wakati wa kuitoa rozela majini. Ndiyo maana mwenye friji na subira anaweza kuacha moto kabisa: aloweke jioni kwa maji ya baridi, achuje asubuhi. Atapata kinywaji chepesi, chenye harufu zaidi ya tunda, na ukakasi mdogo sana. Mimi kwa siku za joto napenda hiki, ingawa kile cha moto kina uzito unaostahimili tangawizi.

Chombo nacho kina neno lake. Rozela ina asidi nyingi, kwa hiyo sufuria ya alumini huiharibu ladha na kuivuruga rangi. Tumia ya stili, ya enameli au bakuli la kioo. Rangi hiyo ni nyepesi kugeuka: dondoshea magadi kidogo kwenye sahani nyeupe yenye matone ya rozela, utaona wekundu ukihamia kwenye zambarau, kisha samawati. Kamulia limau, wekundu unarudi. Wala usijaribu kutia maziwa, yatakatika.

Sehemu ngumu ni kuonja. Ulimi ukiwa baridi huuhisi utamu kwa shida, lakini uchachu huendelea kuusikia vizuri. Rozela iliyokaa sawa ikiwa vuguvugu itakuwa kali ikishapoa. Kwa hiyo yule mama huonja mara mbili: kwanza bila sukari, apime uchachu wa gunia hilo, maana hakuna magunia mawili yanayofanana, kisha hutia sukari hadi utamu uzidi kidogo tu, akijua baridi itaupunguza. Kwa ile iliyolowekwa baridi, shira hufaa kuliko sukari ya chembe. Karafuu asizidishe mtu: mbili kwa lita zinatosha, ya tatu inatawala jagi zima. Wajamaika hutia tangawizi nyingi wakati wa Krismasi, Wasenegali hupenda nanaa, na Wamisri na Wasudani huinywa moto na baridi vilevile.

Barafu ndiyo huwaponza wengi, kwa sababu ikiyeyuka inazimua. Dawa yake ni kugandisha sehemu ya rozela yenyewe kwenye vijisanduku vya barafu, ili kila kipande kinachoyeyuka kiongeze kilekile kilichomo gilasini.

Kwa kuwa haina kafeini, naimimina hata saa nne za usiku, na watoto nao wanapata. Mwenye kutumia dawa za presha amuulize daktari wake kwanza, kwani rozela nayo hushusha presha kidogo, na mjamzito vilevile aulize.

Makapi yake usiyatupe. Yakatekate, yarudishe jikoni na sukari na maji ya limau, uyaache kwa moto mdogo hadi yashikane. Ni jemu ya mkate wa kesho asubuhi.