Mada, Picha na Jina: Uhakiki wa Mikusanyo ya Viumbe Wanaoonwa na Umma

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukutana na uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki mkusanyo wa aina nyingine, ambao kurasa zake ni picha za ndege, wadudu na mimea zilizopigwa na watu wa kawaida. Tunazungumzia mikusanyo yenye mada katika mtandao wa iNaturalist. Mtandao huo ulianza mwaka 2008 kama kazi ya shahada ya uzamili ya wanafunzi watatu wa University of California, Berkeley, na tangu mwaka 2023 unaendeshwa na shirika linalojitegemea lisilo la kibiashara. Mchangiaji hupiga picha, huandika mahali na tarehe, kisha watu wengine humsaidia kumtambua kiumbe aliyemwona. Zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi, wasiopungua wawili, wakikubaliana juu ya spishi, kumbukumbu hiyo huhesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti.

Maswali yetu ni mawili. Je, ni nini kinachoufanya mkusanyo mmoja uwe bora kuliko mwingine? Na je, mwalimu wa Kiswahili ana lolote la kuvuna humo?

Tukianza na fani, mikusanyo hii ni ya namna mbili kuu. Ipo inayojijaza yenyewe: mwanzilishi hutaja eneo, kundi la viumbe au kipindi, na kila picha inayotimiza masharti huingia bila kuulizwa. Ipo pia ambayo kila picha huingizwa kwa mkono kwa sababu mtu ameona inastahili. Namna ya kwanza humfaa sana mtafiti anayetaka kujua ni wangapi na wako wapi. Lakini kwa msomaji inafanana na daftari la mahudhurio: majina yote yamo, ila hakuna kinachosimuliwa. Namna ya pili iko karibu zaidi na diwani, kwani nyuma yake kuna mhariri aliyechagua. Kwa sababu hiyo mikusanyo tunayoipenda zaidi ni ile ambayo mada yake imebeba swali.

Mfano wa kwanza ni Found Feathers, mkusanyo wa manyoya ya ndege yaliyookotwa. Mada ni finyu, na ufinyu huo ndio nguvu yake. Mchangiaji hahitaji kamera ya bei kubwa wala kumvizia ndege; anahitaji kutazama chini anapotembea. Msomaji naye hupewa sehemu akatakiwa kuijua nzima: unyoya huu ni wa bawa au wa mkia, na mwenyewe ni nani? Tena kupiga picha tu ni busara. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakataza mtu kujiwekea manyoya ya aina nyingi za ndege wa porini bila kibali.

Mfano wa pili ni Amazing Aberrants, unaokusanya viumbe wenye rangi au maumbile yasiyo ya kawaida. Huu unavutia haraka, lakini tuna shaka nao kidogo. Jambo la ajabu halisomeki kwa mtu asiyejua la kawaida. Kunguru wa hapa Kampala ana kifua cheupe na ukosi mweupe. Mgeni aliyezoea kunguru mweusi mwili mzima anaweza kudhani ameona kioja, kumbe ameona ndege wa kila siku. Mkusanyo wa namna hii ungekuwa bora zaidi kama kila picha ya ajabu ingefuatana na maelezo mafupi ya hali ya kawaida. Bila maelezo hayo, msomaji hubaki akishangaa tu.

Mfano wa tatu ndio tunaoupa nafasi ya kwanza. Ni Never Home Alone, wenye jina sawa na kitabu cha mwaka 2018 cha mwanabiolojia Rob Dunn wa North Carolina State University. Mada yake ni viumbe wanaoishi nasi ndani ya nyumba. Mkusanyo huu hauhitaji mbuga wala kiingilio. Jikoni na bafuni panatosha. Kwa mwalimu wa lugha una faida nyingine kubwa: unaingia mahali ambapo Kiswahili kina utajiri wa majina yaliyo hai. Mjusi kafiri, mende, sisimizi, buibui, nyenje, mchwa, nondo, kunguni: haya ni majina ambayo hayakutungwa na kamati.

Tazama mchwa na kumbikumbi. Kwa mfumo wa kisayansi, kumbikumbi ni mchwa wa spishi ile ile katika hatua ya kuwa na mabawa, na picha zao zote huwekwa chini ya jina moja. Kiswahili kimewatenganisha, kwa sababu mmoja hula nguzo za nyumba na mwingine hutoka baada ya mvua akaliwa na watu. Jirani zetu Waganda nao humwita huyu wa mabawa nswa. Hapa lugha imeona tofauti ambayo orodha ya spishi haikuona haja ya kuitaja.

Nje ya nyumba hali hubadilika. Chukua ndege mashuhuri wa kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, ambaye Waganda humwita bbulwe. Katika maandishi ya Kiswahili anaitwa korongo-nyangumi. Nyangumi huyu katokea wapi ziwani? Mwaka 1850 John Gould alimpa ndege huyo jina la kisayansi Balaeniceps rex, na neno la kwanza lina maana ya kichwa cha nyangumi. Kiswahili kimechukua picha hiyo bila kumuuliza mvuvi wa Mabamba. Tena wataalamu wamemweka katika familia yake mwenyewe, nao humwona kuwa karibu zaidi na wari kuliko korongo. Jina lina sehemu mbili, na zote mbili zinapotosha.

Jambo hili si dogo. Mtandao huu unaruhusu wachangiaji kuongeza majina ya viumbe katika lugha mbalimbali. Jina linaloandikwa leo na mtu mmoja mwenye haraka litasomwa kesho na mwanafunzi kama jina sanifu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watahitaji kuyataja mazingira yao kwa Kiswahili. Ni maoni yetu kwamba, pale ambapo Kiswahili hakina jina linalotumika, ni heri kukopa jina la wenyeji kuliko kutafsiri lile la kigeni.

Tunapendekeza basi kwa walimu wenzetu zoezi hili. Wanafunzi waunde mkusanyo mmoja wenye mada finyu, kwa mfano viumbe wanaotoka baada ya mvua. Kila picha iingizwe kwa mkono na iandikiwe sentensi tatu za Kiswahili: kiumbe ni nani, anafanya nini, na nani alimfundisha mwandishi jina hilo. Upatanisho wa ngeli utajifunza humo humo, maana hakuna njia ya kumweleza kinyonga bila kuamua kama amepanda au kimepanda.

Tahadhari moja tu. Mtandao wenyewe huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini, ukionyesha badala yake eneo ambalo huku kwetu karibu na ikweta lina upana wa takriban kilomita 22 kila upande. Maelezo ya mwanafunzi yasije yakataja mti na njia ya kuufikia, yakafichua kilichofichwa kwa makusudi.