Mkono wa Fundi Protekta

Mvua zikishakata na pamba ikaanza kupelekwa kwenye vyama vya ushirika, AMCOS, hewa ya Bariadi hubadilika. Barabara kuu inayotoka Lamadi, ikapita mjini kwenda Maswa, ina lami. Lakini ukikata kona kuingia mitaani, kila bodaboda inatimua vumbi lake na upepo wa mchana unalisambaza. Jirani na vinu vya kuchambua pamba huongezeka nyuzi nyeupe nyepesi, zinazoelea mpaka zipate pa kutua: kwenye nywele, kwenye mabega, kwenye meza za wauza vocha. Msimu huohuo ndio mkulima ana hela mkononi, na simu mpya zinanunuliwa. Kwa hiyo fundi wa kubandika protekta anapata wateja wengi wakati ambao hewa yenyewe haimtaki. Nimeamua kumsifu, maana mkoa huu wa Simiyu unasifiwa kwa pamba yake na kwa wafugaji wake, na kijana huyu sijasikia anayemtaja.

Nendeni stendi mkamwangalie. Juu ya meza yake zimetundikwa kava na chaja. Chini, ardhi imenyunyiziwa maji tangu asubuhi ili vumbi litulie. Kiti amekigeuza upepo umkute mgongoni, mwili wake uikinge simu. Amenawa mikono, kucha ni fupi. Mama mmoja anafungua fundo la kanga na kutoa simu. “Karibu, mayu,” anamwambia, na kabla hajataja bei anaigeuza simu kwenye mwanga, mara upande huu, mara ule. Anaona mafuta ya vidole, unga uliokauka pembeni, na ufa mdogo wa kona uliojificha chini ya protekta ya zamani. Ufa huo anamwonyesha mwenyewe kwanza, ili baadaye kusiwe na maneno.

Hapo ndipo fundi anapoachana na mbabaishaji. Mbabaishaji hushika kitambaa akasugua. Fundi hasugui kioo kikavu hata siku moja, na sababu yake iko chini ya miguu yetu. Udongo wa Usukumani si wa aina moja: mbugani ni mfinyanzi mweusi, lakini kwenye miinuko yenye matale kuna luseni, mchanga uliotokana na mawe hayo kumong’onyoka, na punje zake nyingi ni kwatzi. Mjerumani Friedrich Mohs alipoyapanga madini kwa ugumu mwaka 1812, kwatzi ilipata namba 7. Vioo vingi viko kati ya 5 na 6. Maana yake punje moja ya luseni, ikikandamizwa na kitambaa na kuburutwa, inaweza kukichora kioo cha simu, hata ya bei kubwa. Na hiyo 9H inayoandikwa kwenye boksi la protekta isimdanganye mtu. Ni kipimo cha penseli. Inasema tu kwamba penseli ngumu ya daraja hilo haikuacha alama. Wateja huiona 9 wakadhani wanauziwa kitu kinachokaribia almasi ya Mwadui.

Basi fundi huanza kwa kuondoa punje bila kuziburuta. Anapuliza kwa kipulizio cha mpira, maana pumzi ya mdomo ina mate na unyevu. Anagusisha selotepu na kuinyanyua, anagusisha tena na kunyanyua, kona hadi kona, akikawia kwenye tundu la spika ya masikio ambako uchafu hupenda kujibanza. Ndipo kinakuja kitambaa chenye spiriti, kinachopita upande mmoja tu bila kuzungushwa, kisha kikavu, kisha selotepu kwa mara ya mwisho. Mteja asiyejua hudhani kijana anapoteza muda. Muda wote wa kazi hii uko hapo. Kubandika kwenyewe hakufiki dakika.

Na dakika hiyo ina mtego wake. Ile nailoni inayofunika gundi ya protekta, ukiimenya, inazalisha umeme tuli, na kioo kinaanza kuvuta vumbi na nyuzi za pamba zilizo karibu. Kwa hiyo fundi haimenyi mpaka kila kitu kiwe tayari. Anakishika kioo kwa kingo zake mbili, upande wa gundi ukitazama chini, analinganisha tundu la spika, anagusisha ncha moja, halafu anaachia. Unaona weusi ukienea taratibu kutoka alipogusa, ukiisukuma hewa mbele yake mpaka ukingoni. Gundi inajitembeza yenyewe. Wengi wetu hapo tungeanza kubonyezabonyeza. Yeye ameinua mikono anatazama. Nampenda sana katika sekunde hizo.

Kiputo kikibaki, anajua kukisoma. Cha hewa tupu kinahama ukikisukuma kwa kadi iliyovikwa kitambaa, na vile vidogo kabisa hupotea vyenyewe baada ya siku moja au mbili. Chenye kidoa katikati hakihami, hata ukisukume mpaka jioni, maana kidoa hicho ni vumbi. Hapo anainua kona kwa selotepu moja, na kwa nyingine anakichomoa kile kidoa, kisha anaachia kioo kilale tena. Upepo ukizidi anakataa kazi kabisa: “Mayu, njoo kesho asubuhi.” Kijana anayetafuta hela ya kula anakataa hela, kwa sababu anajua kazi hiyo itaharibika. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo fundi anaweza kuipa kazi yake.

Kinacholindwa si kidogo. Kwenye simu nyingi za siku hizi kioo cha juu na kile kinachoonyesha picha vimegandishwa pamoja, kwa hiyo ufa mmoja unaweza kukulazimu ubadilishe vyote, kwa bei ambayo ingenunua protekta nyingi, na mara nyingi kipuri chenyewe kinasubiriwa kutoka Mwanza au Kariakoo. Wakati huo hela ya pamba imo kwenye simu hiyo, na mtoto wa bwenini anasubiri kutumiwa nauli. Simu ikianguka, kinachoupokea mshindo badala ya kioo chake ni protekta, kioo chembamba, kama theluthi moja ya milimita.

Linaloniudhi ni bei. Kila meza inasema ukinunua protekta, kubandikiwa ni bure. Kioo kilekile kimetoka kwenye katoni ileile ya Kariakoo. Tofauti yote kati ya meza hii na ile ni mkono, na mkono ndio unaotolewa bure. Matokeo yake mteja anamlalia fundi mzuri kwa bei ya mbabaishaji, na fundi analazimika kuharakisha palepale panapotaka utulivu. Ningependa kila kibao pale stendi kiwe na mstari wake wa kubandika, na bei yake pembeni. Na anayekuja na protekta aliyoinunua Mwanza, akitaka abandikiwe, alipe kazi nzima, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo iliyobaki.