Saa ya Mzamiaji, Vumbi la Tabora

Saa ya kupigia mbizi ina kazi gani hapa Cheyo, Tabora? Bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli, Kigoma na ziwa lake ni kilomita 400 hivi upande wa pili, na Bwawa la Igombe tumelijua kwa maji ya bomba. Hata hivyo saa hizi zipo mjini, mikononi mwa wastaafu na ndani ya makopo ya mafundi: Seiko nene za miaka ya 1970 na 1980, uso mweusi, pete ya juu yenye alama za dakika. Mzamiaji huizungusha pete ile ajue amekaa chini muda gani. Huku huizungusha aliyebandika maharage.

Njia ya misafara iliyopita hapa haikuwahi kuzionea saa huruma. Katika safari ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, kronomita ziliharibika, hata Speke akafunga risasi kwenye uzi, akaibembeza ahesabu sekunde. Ilipita karibu karne moja ndipo zikatoka saa za mbizi za Blancpain Fifty Fathoms na Rolex Submariner, mwaka 1953. Seiko wakatoa yao ya kwanza mwaka 1965, ya kuhimili mita 150. Nazo zikalifaa bara kavu bila kukusudiwa, kwa maana raba inayozuia maji huzuia vumbi pia.

Ila raba hukauka. Ikishapasuka, kiangazi huingiza vumbi na masika huingiza unyevu. Kioo huwa na ukungu asubuhi, mishale hushika kutu kwenye kingo, oili hugeuka gundi na saa huanza kuchelewa. Uzee wa namna hii siusifu. Ninaousifu ni ule wa usoni. Rangi nyeusi ya baadhi ya saa, ikipigwa na jua miaka mingi, hugeuka kahawia, wakati mwingine kahawia ya asali ya miombo. Wakusanyaji wa Ulaya huziita nyuso hizo za tropiki na kuzilipia zaidi, ingawa chanzo chake ni rangi ya kiwandani iliyoshindwa kustahimili jua. Alama zilizong'aa gizani nazo hufifia. Saa nyingi za Uswisi zilipakwa tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na ushei. Ya mwaka 1975 leo imebakiwa na sehemu moja tu kati ya 16, na weupe wake umekuwa rangi ya samli.

Hapo ndipo fundi saa hujulikana. Kufungua mfuniko, kuosha magurudumu kwa petroli na brashi laini, kupuliza kwa kipira, kutia tone la oili kwa ncha ya sindano: hayo mwanafunzi mwenye subira atayajua. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo hung'arishwa hata kwa dawa ya meno. Kazi ngumu ni kuuacha uso ulivyo. Wateja wengi wanataka saa irudi kama mpya, na siwalaumu, maana wameinunua waivae. Lakini uso uliopakwa upya hauna kumbukumbu ya mkono wowote, na mara nyingi herufi zake huvimba kama za kibao cha duka. Fundi ninayemwamini hutenganisha kutu na mvi: kutu huiondoa, mvi huziacha. Mishale akiitoa huirudisha ileile, hata kama ana mipya koponi, kwa sababu mishale inayowaka usiku juu ya uso uliozeeka huiumbua saa mara moja.

Raba, hata hivyo, lazima ibadilishwe, na ikikosekana ya saizi yake huagizwa Dar es Salaam. Baada ya hapo fundi mwaminifu hamwahidi mtu mita 150. Humwambia mwenye saa anaweza kunawa nayo. Akienda kuogelea Kigoma, aivue.