Ndege Inaruka Tangu Lini?

Mwenye ndege ndogo akikabidhiwa hati yake ya bima, macho hukimbilia jedwali la mwanzo. Pale pana thamani ya ndege, kiwango cha ada na jumla ya kulipa. Tuseme ana Cessna 172 ya viti vinne aliyoiandikisha kwa dola 60,000, na kiwango ni asilimia 2 kwa mwaka. Hiyo ni dola 1,200 kwa ndege yenyewe, kabla ya kuongeza dhima kwa abiria na kwa watu walio chini. Anatia sahihi, analipa, karatasi zinaingia kabatini. Simlaumu, maana hati imepangwa isomwe hivyo hivyo. Lakini mimi huisoma kuanzia nyuma, kwa sababu alichokinunua kimeandikwa huko.

Hati ninayoichambua ni AVN1C, matini ya soko la bima la London ya Desemba 1998. Umbali usitudanganye. Hatari ya ndege inayolala kwenye banda la Wilson, Nairobi, mara nyingi huishia London kwa njia ya bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima, na maneno ya London hurudi nayo. Matini ina sehemu nne. Ya kwanza ni ya ndege, ya pili ni ya watu na mali zilizo nje yake, ya tatu ni ya abiria. Ya nne imebeba yasiyokingwa, kisha masharti, na mwisho kabisa, pale ambapo msomaji amekwisha kuchoka, fasili za maneno.

Tuanze hapo mwisho. Fasili inasema ndege iko katika kuruka tangu inaposogea mbele ili kupaa, au kujaribu kupaa, mpaka imalize mbio zake za kutua. Soma tena lile neno kujaribu. Ndege imekimbia kwenye kiwanja cha nyasi, haikupata mwendo, rubani amekata moto, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo la ngiri na propela ikachimba udongo. Mchunga mbuzi aliyesimama kando ataapa kwamba haikuruka. Kwa hati, iliruka. Hali nyingine zimepangwa kuizunguka hiyo: kutambaa ni kwenda kwa nguvu ya injini yake nje ya kuruka, na kuwa chini ni kila kinachobaki mbali na hizo mbili (na ile ya kutia nanga, kwa ndege za majini). Kanuni ni finyu, lakini bei nzima imesimama juu yake, kwa kuwa kinga huuzwa kwa hali hizo. Aliyebanwa na fedha huweza kukata ya chini na kutambaa tu, akaokoa sehemu kubwa ya ada. Mpaka wa kinga yake ni ile nukta ndege inaposogea mbele kwa nia ya kupaa. Nia imeingizwa ndani ya fasili inayoonekana kuzungumzia magurudumu, na sijui ufundi mkubwa wa uandishi katika matini yote kuliko huu.

Kiingereza cha hati hulitumia tendo la kuruka kama nomino, kitu kilichosimama. Kiswahili kingelazimika kuamua: inaruka, imeruka, ikiruka, ilipotaka kuruka. Naona lugha yetu ingefaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu viambishi vyake haviruhusu mtu kuificha saa ya tendo. Msamiati nao haututupi. Soko la London lilichukua neno la mwili wa merikebu, hull, likauita hivyo mwili wa ndege, kwa kuwa bima ya anga ilizaliwa nyumbani kwa bima ya bahari. Nasi tulifika huko huko bila kuelekezwa: rubani alikuwa mwelekeza vyombo majini kabla hajashika usukani wa angani, na chombo chenyewe ni jina la jahazi kama lilivyo la ndege.

Sasa turudi sehemu ya kwanza, kwenye sentensi inayoahidi. Ina vitenzi vitatu: watoaji bima watalipa, au watabadilisha, au watatengeneza. Kinachoamua ni kishazi kidogo kilichopachikwa mbele ya vitenzi hivyo, kinachosema hiari ni yao. Mwenye ndege si mtenda wa kitenzi hata kimoja. Hapo ndipo ile tarakimu ya jedwali inapogeuka. Wengi hushusha thamani ili kupunguza ada. Ndege ya dola 60,000 huandikwa 40,000, na kwa asilimia ile ile mtu huokoa dola 400. Kisha inaanguka upande, matengenezo yanakadiriwa dola 35,000. Walioshika hiari wanaweza kuona nafuu kulipa 40,000 na kuchukua mabaki, wakayauza. Mwenye ndege anabaki na fedha zisizomnunulia nyingine kama ile. Yeye aliisoma 40,000 kama tarakimu ya kupunguzia gharama. Wao waliisoma kama bei ya kununulia. Kuna kifungu cha nyongeza, AVN61, kinachoifanya thamani iwe ya kukubaliana, lakini nacho hakimwokoi aliyekubaliana na tarakimu ya chini.

Baada ya ahadi zinakuja isipokuwa. Nikizisoma mfululizo nasikia kiitikio cha shairi: kila sehemu ina zake, kisha sehemu ya nne inaongeza nyingine kwa ajili ya zote. Isipokuwa ikitumika kwa shughuli isiyotajwa. Isipokuwa ikirushwa na asiyetajwa. Isipokuwa ikitua mahali pasipofuata mapendekezo ya mtengenezaji, ila kwa dharura isiyozuilika. Tofauti ni kwamba kiitikio cha mshairi hurudi na neno lile lile, na hiki hurudi kila mara kimemega kipande kingine cha ahadi.

Kifungu kinachohusu injini nimekikalia muda mrefu. Hati hailipi uchakavu, kuharibika wala kasoro ya kizio chochote, pamoja na matokeo yake ndani ya kizio hicho. Na fasili, kule nyuma, inasema injini nzima na viungo vyake ni kizio kimoja. Injini ya Lycoming O-320, iliyo kwenye Cessna 172 nyingi, mtengenezaji huipendekezea ukarabati mkuu kwenye saa 2,000. Valvu ikivunjika kwenye saa ya 1,400 na rubani akatua shambani, bawa lililogonga mti ni la bima. Injini iliyoua safari ni ya mwenyewe. Yote yanaegemea neno ndani.

Juu ya matumizi nitasema kidogo. Starehe binafsi ni nafuu kuliko biashara, na fasili yake inakataza malipo yoyote ya kubeba. Kwetu, mtu aliyepewa lifti mpaka Lamu huona aibu kushuka bila kuacha chochote cha mafuta. Adabu hiyo inaweza kugeuka swali la mkadiriaji wa hasara, na jambo hilo linaniumiza, maana hakuna mstari unaomwonya mwenye ndege kwa maneno anayoyajua.

Kifungu kimoja ningekiacha kama kilivyo. Ndege ikipotea, hati hungoja siku 60 tangu ilipoanza kuruka bila habari yoyote, ndipo inapoihesabu imepotea. Hakuna kivumishi wala pole. Kwa jamaa wanaosubiri simu, urefu huo ni mateso, lakini angalau matini haijifanyi kujua kabla ya wakati.

Mengine ningeyaandika upya, na ningezitoa fasili nyuma nikaziweka mbele ya jedwali. Ya kwanza ingekuwa hivi: ndege inaruka tangu inapoanza kukimbia kwa nia ya kupaa, hata kama haitapaa, mpaka imalize mbio za kutua. Chini yake ningeacha mahali pa sahihi ya mwenye ndege, kabla hajaiona tarakimu hata moja.