Dirisha Jipya, Ufa Darini

Katika nyumba nyingi za Nakuru, madirisha ya chuma ya zamani yanang'olewa na kuwekwa ya alminiamu. Siku chache baadaye mwenye nyumba anainua macho, anaona ufa kwenye dari, na lawama zote zinamwendea fundi. Kabla ya kumhukumu, ufuate ufa huo toka mwanzo hadi mwisho, kwani njia yake huonyesha chanzo chake.

Ukinyooka katikati ya dari kama uliochorwa kwa rula, huo ni wa kiungo cha bodi za jipsamu. Bodi hushikiliwa na mbao, mara nyingi za saipresi. Mbao ikifungwa mbichi, hunywea inapokauka. Kiungo kilichozibwa kwa fila bila utepe hubaki kimeshikwa na rangi tu, na mtikiso wa drili hutosha kukifungua. Hapa ubovu ulikuwepo kabla ya dirisha.

Ufa ukikaa pale dari inapokutana na ukuta, juu ya dirisha, fundi ana la kujibu. Fremu ya chuma hushikwa na masikio yaliyozikwa kwenye simiti. Akiyakata kwa grainda, fremu hutoka taratibu. Akiibomoa kwa nyundo, kishindo hupitia linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, hadi darini. Tazama pia fimbo ya pazia: skrubu zikishika bodi tupu bila kupata mbao, pazia zito huivuta bodi chini.

Ufa wa kuogopwa huanzia kwenye pembe ya dirisha na kukata ukuta mshazari. Huenda linta haikulala vya kutosha ukutani, au msingi unatitia. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano, kati ya kreta ya Menengai na Ziwa Nakuru. Mvua kubwa hupenya kwenye mipasuko ya kale iliyofukiwa, ikasomba majivu na kuacha uwazi chini. Kwa mfano, Machi 2018, baada ya mvua kubwa, mpasuko uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok.

Kwa hiyo weka alama za penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha subiri msimu wa mvua upite. Usipoongezeka, kwangua kiungo, bandika utepe, piga fila na rangi. Ukirefuka, ukizidi upana wa milimita 5, au milango ikianza kukwama, mwite mhandisi kabla ya kumwita mpaka rangi. Na kabla dirisha lingine halijang'olewa, piga picha za dari na kuta mbele ya fundi. Zitapunguza ubishi siku ya malipo.