"Ninyi" na "Sisi": Lugha ya Ubaguzi katika A Raisin in the Sun

Tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, iliyoigizwa Broadway kwa mara ya kwanza mwaka 1959, imezoeleka kuhakikiwa kama tamthilia ya fedha: hundi ya bima ya dola 10,000 inaingia katika nyumba finyu ya familia ya Younger, kusini mwa Chicago, na kila mwanafamilia anaitazama kwa ndoto yake. Usomaji huo una mashiko, lakini haufafanui kwa nini mgogoro unafikia kilele mbele ya mgeni mpole, Karl Lindner.

Lindner hatukani. Anasifu bidii ya wenyeji wake, kisha anawaahidi fedha ili wasihamie Clybourne Park, mtaa wa Wazungu. Ubaguzi wake umo katika viwakilishi: anapowataja wasikilizaji kwa wingi, hamaanishi walio chumbani tu, bali mbari nzima. Kiingereza hutumia neno moja kwa "wewe" na "ninyi". Kiswahili hulazimisha uteuzi. Mfasiri akiandika "ninyi" atahifadhi idadi na kupoteza dharau. Akiandika "watu wa aina yenu" atavunja staha inayoificha dharau hiyo. Ugumu huu unadhihirisha kuwa adabu ya Lindner si pambo la tabia, bali ni nyenzo ya ubaguzi.

Walter Lee, aliyekwisha kutapeliwa dola 6,500, anakaribia kupokea fedha hizo. Hatimaye, mwanawe Travis akiwa kando yake, anajibu kwa "sisi". Nafsi hiyo haielezwi kwa rangi bali kwa nasaba na jasho: Travis ni kizazi cha sita nchini humo, na nyumba imelipiwa kwa kazi ya marehemu babu yake.

Amiri Baraka awali aliibeza tamthilia hii kwa kuiona kuwa ya matamanio ya tabaka la kati, kabla ya kuubadili msimamo wake. Matini yenyewe inalipinga bezo hilo: Mama amechagua Clybourne Park kwa sababu nyumba zilizotengewa Weusi zilikuwa ghali zaidi. Aidha, tangu onyesho la kwanza Walter amesoma gazetini habari za bomu. Kwa hiyo, kuhama si ushindi uliokamilika. Familia imerejesha haki ya kujitaja yenyewe. Usalama bado haijaupata.